Kipeperushi: Maana na Matumizi ya Neno Moja la Mawasiliano, kwa Kuzingatia Mazingira ya Mkoa wa Singida

Ikisiri

Neno kipeperushi ndilo linalotumiwa zaidi leo kutafsiri neno la Kiingereza leaflet na maneno yanayokaribiana nalo. Makala hii inachunguza umbo la neno hilo, nafasi yake kati ya maneno jirani, na vitenzi vinavyoandamana nalo. Hoja kuu ni kwamba umbo la neno lina njia mbili za kuelezwa: kipeperushi kama kitu kinachopeperuka, na kipeperushi kama kitu kinachopeperusha habari. Njia hizi mbili zinaonekana vilevile katika matumizi, nazo zinatofautisha karatasi yenye mwenyewe na karatasi isiyo na mwenyewe. Mwishoni makala inapendekeza fasili ya kikamusi na kuonyesha mahali ambapo neno hili halifai kuwa tafsiri ya leaflet.

1.0 Utangulizi

Mtu anayeingia katika ofisi ya kata, zahanati au duka la pembejeo mkoani Singida hukutana na karatasi za aina nyingi. Ukutani huwa pamebandikwa tangazo la mkutano wa hadhara. Mezani pa mtendaji huwa pana waraka uliotoka wilayani. Kwenye benchi la wagonjwa huwekwa karatasi zilizokunjwa, zenye picha, zinazoeleza chanjo za watoto au dalili za malaria. Ndani ya boksi la dawa mna karatasi nyingine, nyembamba, iliyokunjwa mara nyingi na yenye maandishi madogo sana.

Msemaji wa Kiingereza aweza kuziita karatasi hizi mbili za mwisho kwa neno moja, leaflet. Msemaji wa Kiswahili hafanyi hivyo. Ile ya kwenye benchi ataiita kipeperushi bila kusita. Ile ya ndani ya boksi ataiita karatasi ya dawa, au karatasi ya maelezo, na akiambiwa kuwa hiyo nayo ni kipeperushi atashangaa. Mshangao huo ndio chanzo cha makala hii. Ikiwa karatasi zote mbili ni ndogo, zimechapishwa, hutolewa bila malipo ya ziada, na zote zina maelezo ya afya, ni kitu gani kinachoifanya moja iwe kipeperushi na nyingine isiwe?

Aghalabu maswali ya namna hii hujibiwa kwa haraka kwamba hiyo ni mazoea tu ya wasemaji. Jibu hilo halitoshi. Mazoea ya wasemaji ndiyo data ya mwanaisimu, na mazoea yanapokuwa thabiti kiasi hiki hapana budi yawe na kanuni ndani yake. Aidha, swali lenyewe lina uzito nje ya darasa. Karatasi hizi hubeba maelezo juu ya dawa za binadamu, viuatilifu, mbegu, chanjo na uchaguzi. Mfasiri akichagua neno lisilofaa, au mwandishi asipojua ni aina gani ya karatasi anayoiandika, anayepata hasara ni msomaji.

Mifano ya sentensi itakayotolewa imetungwa na mwandishi kwa ajili ya uchambuzi, na msomaji anaalikwa kuipima kwa umilisi wake mwenyewe. Alama ya kuuliza mbele ya sentensi inaonyesha kuwa sentensi hiyo haikubaliki vizuri.

2.0 Kwa nini Singida?

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963, nao uko katikati ya Tanzania, kwenye uwanda wa juu wenye mvua chache. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 una watu zaidi ya milioni mbili, wanaoishi katika wilaya za Singida, Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni. Mazingira yake yanafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya kiisimu. Mkoa huu una Kinyaturu, kiitwacho pia Kirimi, na Kinyiramba, ambazo katika uainishaji wa Guthrie ni F32 na F31. Upande wa Manyoni kuna Kigogo na Kikimbu, na Kisukuma nacho kina wasemaji mkoani. Zaidi ya lugha hizo za Kibantu kuna lugha ya Wataturu na Wabarbaig, ambayo ni ya Kinailoti, na katika Wilaya ya Mkalama kuna Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kwa hiyo karatasi ya Kiswahili inayogawiwa mkoani Singida huwafikia watu wengi ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Wao husoma kile kilichoandikwa tu. Mwandishi hayupo karibu wa kuulizwa.

Sababu ya pili ni ya maisha ya kila siku. Singida ni mkoa wa upepo, na kwa miaka mingi umetajwa katika mipango ya kuzalisha umeme kwa nguvu ya upepo. Ni mkoa wa mtama, uwele, karanga na alizeti vilevile, yaani mazao ambayo baada ya kupurwa au kupukuchuliwa hutenganishwa na makapi kwa ungo na upepo. Kwa mkulima wa huko kitenzi peperuka ni kitenzi cha kazi: nafaka inaporushwa juu, iliyo nzito huanguka chini, na makapi hupeperuka. Jambo hili dogo litatusaidia katika sehemu ya tano.

3.0 Maneno jirani

Maana ya neno haionekani vizuri mpaka neno liwekwe kati ya majirani zake. Hapa tutayaangalia maneno tisa kwa ufupi.

Waraka. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu lina maana ya jani la mti na pia karatasi. Katika hilo linalingana na leaflet, ambalo kwa sehemu zake ni 'jani dogo'. Kiingereza kilikuwa na neno hilo katika elimu ya mimea tangu karne ya 18, kwa maana ya vijani vinavyounda jani moja, kama vile jani la kunde lenye vijani vitatu au la karanga lenye vinne. Maana ya karatasi iliyochapishwa ilifuata katika karne ya 19. Kwa hiyo sitiari ya jani ilikwisha kuingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiarabu kabla ya haja ya kutafsiri leaflet. Lakini waraka ulikuwa umejipatia kazi nyingine. Ni barua yenye mamlaka, itokayo kwa mtu anayejulikana kwenda kwa watu wanaojulikana: nyaraka za Serikali, nyaraka za Paulo katika Agano Jipya. Waraka huamuru, au angalau huagiza.

Karatasi. Neno hili, nalo la kutoka Kiarabu, hutaja mata yenyewe. Likipunguzwa kuwa kikaratasi au kijikaratasi hupata maana ya dharau au ya siri, kama katika 'alimpenyezea kikaratasi'.

Tangazo. Hili limetokana na kitenzi tangaza na hutaja tendo la kusema. Tangazo laweza kuwa la mdomo, la redio, la gazeti au la ukutani. Umbo la karatasi si sehemu ya maana yake.

Bango. Hili ni kubwa, nalo husimama mahali pamoja au huinuliwa juu. Msomaji ndiye anayelifuata.

Kijitabu. Hiki kina kurasa kadhaa zilizoshonwa au kubanwa pamoja. Sifa yake kuu ni umbo.

Kijizuu na trakti. Maneno haya hutumiwa na baadhi ya makanisa kwa maandiko mafupi ya kidini yanayogawiwa. La kwanza limetokana na juzuu; la pili limekopwa kutoka Kiingereza.

Kitini. Haya ni maandishi ambayo mwalimu au mwezeshaji huwapa wanachuo au washiriki wa semina. Kitini hakisomwi peke yake. Nyuma yake kuna somo na mtu anayefundisha.

Brosha. Neno hili hutumiwa zaidi katika biashara na utalii, kwa karatasi nzuri zenye picha za rangi, zinazosifu bidhaa au mahali.

Katika orodha hii kila neno lina sifa moja inayolitawala: waraka una mamlaka, tangazo lina tendo la kusema, bango lina mahali, kijitabu kina umbo, kitini kina mwalimu. Swali linabaki: kipeperushi kinatawaliwa na nini? Jibu la kwanza linalokuja ni udogo. Lakini kikaratasi nacho ni kidogo, na karatasi ya dawa ni ndogo vilevile. Hatuna budi kutafuta jibu katika umbo la neno.

4.0 Umbo la neno

4.1 Mzizi

Neno hili ni la ngeli ya ki-/vi- na shina lake lina undugu na upepo, pepea na kipepeo. Msingi -pep- wenye maana inayohusu upepo unapatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Kitenzi pepeta hatutakitumia kama ushahidi, kwa kuwa kina mwenzake peta, na silabi yake ya kwanza yaweza kuwa imetokana na urudufishaji. Kilicho wazi ni jozi peperuka na peperusha, iliyo sawa na anguka na angusha, au shuka na shusha. Kitenzi cha kwanza cha jozi hakina yambwa. Cha pili kina maana ya kusababisha tendo la kile cha kwanza.

4.2 Njia mbili

Nomino nyingi za Kiswahili huundwa kutokana na vitenzi kwa kiambishi tamati -i. Kiambishi hiki hubadilisha baadhi ya konsonanti zinazokitangulia. Konsonanti k hugeuka sh:

(1) a. pika – mpishi
 b. andika – mwandishi
 c. cheka – mcheshi
 d. tumika – mtumishi

Mashina yenye sh tangu mwanzo, yaani ya kauli ya kutendesha, hayabadiliki:

(2) a. patanisha – mpatanishi
 b. suluhisha – msuluhishi
 c. wakilisha – kiwakilishi
 d. husisha – kihusishi
 e. vumisha – kivumishi

Kutokana na kanuni hizi mbili, kipeperushi chaweza kutoka popote. Kikifuata njia ya (1), kimetokana na peperuka, na maana yake ni 'kitu kinachopeperuka'. Kikifuata njia ya (2), kimetokana na peperusha, na maana yake ni 'kitu kinachopeperusha'. Tuziite njia ya kwanza A na njia ya pili B. Kifonolojia njia zote mbili huishia mahali pamoja, na hakuna sauti hata moja katika neno inayoweza kutuamulia.

Tofauti ya kimaana, hata hivyo, ni kubwa. Katika A karatasi ndiyo inayochukuliwa na upepo, yenyewe haitendi. Katika B karatasi ndiyo mtenda. Kinachopeperushwa ni habari.

4.3 Ushahidi wa umbo

Ukiyatazama maneno ya (1) utaona kuwa yote ni ya watu, yenye kiambishi m-. Maneno yenye ki- mwanzoni na -shi mwishoni yamejaa zaidi katika kundi la (2). Istilahi za sarufi ni mfano mzuri: kiwakilishi huwakilisha nomino, kiunganishi huunganisha, kihusishi huhusisha, kivumishi huvumisha sifa ya nomino. Yote haya ni majina ya vitu vinavyofanya kazi fulani kwa niaba ya kitu kingine. Kwa mtu aliyesoma sarufi ya Kiswahili shuleni, umbo ki-...-shi limekwisha kuzoeleka kuwa umbo la chombo. Kwa kigezo hiki B ina nguvu zaidi.

Kwa upande mwingine, mtu wa kawaida akiulizwa kwa nini karatasi hii inaitwa kipeperushi, ni rahisi ajibu kwamba ni kwa sababu ni nyepesi na hupeperuka. Jibu hilo ni A, na tafsiri ya wasemaji ni sehemu ya maisha ya neno hata pale ambapo mwanaisimu angependa vingine. Kiingereza chenyewe kina neno la pili, flyer, ambalo kwa sehemu zake ni 'kinachoruka'. Kwa taswira, kipeperushi kiko karibu zaidi na neno hilo kuliko leaflet.

Mofolojia basi inapendelea B lakini haiifungi A nje. Tutazame matumizi.

5.0 Matumizi

5.1 Vitenzi viandamani

Vitenzi vinavyoandamana na kipeperushi vinagawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza lina gawa, toa, sambaza na andaa:

(3) a. Bwana shamba aligawa vipeperushi vya kilimo bora cha alizeti mnadani.
 b. Wauguzi wamesambaza vipeperushi vya chanjo katika vijiji vyote vya kata.

Kundi la pili lina zagaa, okotwa, tupwa na kamatwa navyo:

(4) a. Vipeperushi vilizagaa mjini usiku kucha.
 b. Asubuhi vipeperushi vingine viliokotwa sokoni.
 c. Vijana wawili walikamatwa na vipeperushi.

Sentensi za (3) zina mtenda anayetajwa. Msikilizaji anajua nani katoa na kwa nini. Katika (4) mtenda hayupo, na kukosekana kwake ndiko kunakoipa sentensi maana yake. Hakuna aliyesema kwamba vipeperushi vya (4) ni vya uchochezi au vya kumchafulia mtu jina, lakini kila msikilizaji ameelewa hivyo. Ukibadilishana vitenzi, maana hugeuka papo hapo:

(5) ?Vipeperushi vya chanjo vilizagaa zahanati.

Sentensi hii haina kosa la kisarufi, lakini msikilizaji anaelewa kuwa karatasi zimetupwa ovyo na hakuna anayezijali. Karatasi iliyotakiwa kutenda imegeuka ya kutendwa.

Tunaona basi kwamba kundi la (3) linaafikiana na njia B na kundi la (4) linaafikiana na njia A. Kipeperushi cha bwana shamba kinapeperusha habari. Kipeperushi kilichookotwa sokoni kimepeperuka tu, hakijulikani kilikotoka. Lugha haikuunda maneno mawili kwa ajili ya karatasi hizi mbili. Ililiacha neno moja lenye milango miwili, na kitenzi ndicho kinachotuambia tumeingia kwa mlango upi.

Hapa ndipo ungo wa mkulima wa Singida unapotufaa. Katika kupepeta, kinachopeperuka ni makapi. Nafaka ina uzito, nayo hubaki. Mtu aliyezoea kazi hiyo ana sababu ya kukiona kitu kinachopeperuka kuwa ni kitu kisicho na uzito. Kwa hiyo dharau iliyomo katika A haikutoka kwenye siasa peke yake. Imo katika kitenzi chenyewe.

5.2 Mpokeaji

Kigezo cha pili ni mpokeaji. Linganisha:

(6) a. Waraka kwa wakuu wa shule za sekondari.
 b. Kipeperushi kwa wakulima wa alizeti.
 c. ?Kipeperushi kwa Mwenyekiti wa Kijiji.

Waraka unamjua mpokeaji wake kwa cheo au kwa jina. Kipeperushi kinalijua kundi tu. Kikielekezwa kwa mtu mmoja hugeuka barua. Kipeperushi ni karatasi iliyoachiliwa: mtoaji huifungua mkono bila kujua itaishia kwa nani.

5.3 Kupeperusha bila karatasi

Ushahidi mwingine unatoka katika kitenzi peperusha chenyewe. Wanamichezo wa taifa husemwa kuwa wanapeperusha bendera ya nchi hata pale ambapo hakuna bendera mkononi mwao. Katika vyombo vya habari vya Kenya, kipindi cha redio au televisheni hupeperushwa, mahali ambapo msemaji wa Tanzania aghalabu husema hurushwa. Katika matumizi yote mawili upepo umekwisha kutoka. Kilichobaki ni kueneza mbali kitu chenye thamani.

Vilevile, siku hizi picha yenye tangazo inayotumwa kwa simu huitwa na wengi kipeperushi, ingawa wengine husema posta au tangazo tu. Haina karatasi, wala hakuna upepo unaoweza kuichukua. Kama wepesi wa karatasi ungekuwa ndio msingi wa maana, neno hili lisingeweza kuvuka kuingia katika simu. Limevuka kwa sababu msingi wake ni kuachilia habari iende kwa wasiojulikana. Limevuka na milango yake yote miwili: picha hiyo ikishapelekwa kutoka kundi hadi kundi bila jina la aliyeitoa, watu huanza kuuliza swali lile lile la (4), yaani imetoka wapi.

6.0 Karatasi iliyomo ndani ya boksi

Sasa twaweza kurudi kwenye swali la utangulizi. Karatasi ya ndani ya boksi la dawa si kipeperushi kwa sababu haikuachiliwa. Imefungwa pamoja na dawa yake. Mpokeaji wake ni mmoja tu, yule aliyenunua au kupewa boksi lile, na nje ya boksi haina kazi. Yenyewe haipeperushi wala haipeperuki. Karatasi iliyomo katika mfuko wa mbegu au iliyobandikwa kwenye chupa ya kiuatilifu iko katika hali hiyo hiyo.

Jambo hili si la kupendeza tu. Tuchukulie kwamba mfasiri ameandika juu ya boksi: 'Soma kipeperushi kabla ya kutumia.' Msomaji atatafuta nini? Ameuona mara nyingi utaratibu wa vipeperushi: hugawiwa zahanati, mnadani, kanisani, stendi ya mabasi. Yeye hakugawiwa kitu. Aweza kufikiri kwamba kipo kipeperushi ambacho muuzaji hakumpa, na wakati huo huo akaitupa ile karatasi nyembamba iliyomo ndani, ambayo ndiyo iliyokusudiwa. Sentensi 'Soma karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi kabla ya kutumia dawa' ni ndefu zaidi, lakini inamwonyesha kitu na mahali kilipo.

Funzo kwa mfasiri ni kwamba leaflet si dhana moja katika Kiswahili. Inapohusu mmea ni kijani. Inapohusu karatasi iliyofungwa pamoja na bidhaa ni karatasi ya maelezo. Inapohusu karatasi inayogawiwa kwa umma ni kipeperushi. Inapogawiwa katika somo, hata kama imechapishwa kwa umbo lile lile, ni kitini. Kigezo ni tendo linalofanywa na karatasi; ukubwa wake na idadi ya mikunjo yake havisaidii.

7.0 Athari kwa uandishi na kamusi

Kama uchambuzi huu ni sahihi, una athari tatu.

Kwanza, kipeperushi kisichotaja mtoaji wake kiko hatarini kuhama kutoka B kwenda A. Taasisi nyingi huandika jina lao kwa herufi ndogo ukurasa wa nyuma, au huweka alama tu, kana kwamba kila mtu anaijua. Lakini tumeona kwamba kwa masikio ya Kiswahili karatasi isiyo na mtenda ni karatasi ya kutiliwa shaka. Jina la mtoaji, mahali alipo na namna ya kumuuliza ni sehemu ya ujumbe wenyewe, nayo yastahili kuwekwa mbele.

Pili, kipeperushi husimama peke yake. Katika hili kinatofautiana na maandishi ya kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vijitabu vilisomwa katika vikundi vilivyokuwa na viongozi, sambamba na vipindi vya redio. Asiyejua kusoma alisikia, asiyeelewa aliuliza. Kipeperushi kinachochukuliwa mnadani na kupelekwa nyumbani hakina kiongozi wa kikundi. Aghalabu husomwa kwa sauti na mtoto wa shule huku wakubwa wakisikiliza, na pengine kufafanuliwa kwa Kinyaturu au Kinyiramba. Sentensi zake basi zinapaswa kustahimili kusomwa na mwingine. Linganisha:

(7) a. Zingatia muda wa usalama kabla ya mavuno.
 b. Ukishanyunyiza dawa hii, usivune mpaka siku 14 zipite.

Sentensi (7a) inahitaji kitini na mwalimu wa kueleza muda wa usalama ni nini. Sentensi (7b) inajitosheleza. Mtoto wa darasa la tano akiisoma, bibi yake ataelewa la kufanya, na atakayeitafsiri kwa lugha ya nyumbani hatakosa neno la kutumia. Idadi ya siku hapa ni ya mfano tu, maana kila dawa ina yake. Lakini ndiyo hasa sababu ya kuitaja waziwazi. Waandishi wengi wa vipeperushi huandika vitini bila kujua, kwa sababu wao wenyewe walijifunza jambo hilo darasani.

Tatu, kamusi. Fasili inayosema kwamba kipeperushi ni karatasi ndogo yenye tangazo inakiingiza kikaratasi cha ukutani na kukiacha nje kipeperushi cha simu. Tunapendekeza fasili ifuatayo:

(8) kipeperushi nm vi- [ki-/vi-] 1. andiko fupi, aghalabu la karatasi moja iliyochapishwa, linalogawiwa bure kwa umma ili kueneza habari, maelekezo au matangazo. 2. andiko fupi linaloenezwa kwa siri bila kutajwa mwandishi wake, hasa la uchochezi au la kashfa.

Maana hizi mbili zinastahili kutengwa kwa sababu kila moja ina vitenzi vyake, kama ilivyoonyeshwa katika (3) na (4). Mwanafunzi wa lugha ya pili asipoelezwa hivyo aweza kusema kwamba vipeperushi vya wizara vimezagaa mkoani, akidhani amesifu.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba neno linaloonekana la kawaida kabisa limebeba utata wa kimofolojia ambao wasemaji wanaishi nao bila shida. Umbo la kipeperushi laweza kutoka katika peperuka au katika peperusha. Ushahidi wa maneno yenye umbo kama lake, wa matumizi ya peperusha yasiyo na karatasi, na wa kuhamia kwake katika simu, unaelemea peperusha. Hata hivyo peperuka haijafa. Inaishi katika maana ya pili ya neno, ile ya karatasi isiyo na mwenyewe.

Utafiti zaidi unahitajika katika pande mbili. Upande mmoja ni kukusanya namna wasemaji wa Kinyaturu, Kinyiramba na lugha nyingine za mkoa wanavyoyataja maandishi haya katika lugha zao, na kuona kama nao hutenganisha karatasi iliyoachiliwa na karatasi iliyofungwa pamoja na kitu. Upande wa pili ni kuvichunguza vipeperushi vyenyewe, sentensi kwa sentensi, kwa kuvisoma kwa sauti mbele ya wale vilivyoandikwa kwa ajili yao. Kazi hiyo ya pili haihitaji vifaa vingi, na mwanachuo wa shahada ya uzamili anayetoka Kiomboi, Ikungi au Itigi anaweza kuianza katika likizo, nyumbani kwao.